Dobi na Pampu za Mgodi

Kambi ya Wapimaji, nyuma ya mgodi
4 Februari

Dada,

Usishtuke kupata barua kutoka kwa mtu anayelala ng'ambo ya kilima tu. Simu ninayo, na chaji imejaa. Lakini nilipomweleza mkuu wangu kwamba mwenyekiti wa kamati ya maji ya huko bondeni ni dada yangu wa tumbo moja, alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema: "Kazi utafanya, maana sina mtu mwingine. Ila kila neno la maji kati yako na dada yako liwe kwa maandishi, na nakala iingie kwenye faili." Kwa hiyo hakuna simu, hakuna kuja kwako kula, wala kulala kwenye kile kitanda chako chenye kelele, mpaka ripoti itoke.

Unajua nimeletwa kufanya nini, lakini faili linataka niseme. Mgodi unafungwa mwaka huu. Kabla kampuni haijaruhusiwa kuondoka, mamlaka ya serikali inataka kujua lile shimo limeyafanya nini maji ya mto na maji ya chini ya ardhi, na litayafanya nini baadaye. Ninyi kamati mmeomba jambo moja: siku mgodi unapofungwa, pampu zinazokausha shimo zizimwe, ili maji yarudi visimani. Ombi lenu liko mezani kwangu. Limeandikwa vizuri, na mkono wako nimeutambua pale penye "hatutakubali" tatu mfululizo.

Nina maombi mawili. Kila Alhamisi dereva wetu atapita kwako na boksi la barafu lenye chupa. Zijaze maji ya kisima chako asubuhi, kabla mtu hajachota. Na kabla ya kuchota, teremsha kamba yenye jiwe uniambie maji yako chini kiasi gani, kwako na kwa majirani. Barua zako ziweke humo humo kwenye boksi.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Kiduchu


Nyumbani, uani, katikati ya mashuka
8 Februari

Kiduchu mdogo wangu (na wewe mkuu wa faili, hujambo),

Mtoto nimembeba mgongoni, nimempeleka shule kwa mkono wangu, leo ananiandikia "nina maombi mawili" kama afisa wa kodi. Haya. Nimekubali kwa sababu moyoni nafurahi, ingawa hilo sitaki faili lijue.

Chupa nimezijaza. Ila niseme wazi, mmezileta chafu. Kila moja ilikuwa na matone chini, yenye harufu ya kukata pua. Nimeyamwaga yote, nikaziosha kwa sabuni, nikazisuuza kwa maji ya moto, nikazianika juani. Mimi ni dobi. Mashuka ya nyumba ya wageni na makoti ya zahanati yanapita mikononi mwangu, siwezi kupeleka maji serikalini kwenye chombo kichafu.

Kamba sijateremsha. Mimi nakuambia maji yana sumu, wewe unaniuliza kina. Tangu wachimbe lile shimo kisima changu kinashuka mwaka hadi mwaka, na kinachobaki kinatoka na tope. Nafua kwa zamu, leo mashuka, kesho makoti, na yakiisha nakwenda mtoni na mkokoteni. Halafu ngurumo za hizo pampu, mchana na usiku, mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Na anayeziendesha ni shemeji yako, kwa hiyo mume wangu na adui yangu wanaingia nyumbani na jozi moja ya buti. Tunakula pamoja, tunacheka, kisha nakwenda kwenye kamati kudai kazi yake ife. Yeye husema tu, "Mwenyekiti, nipitishie chumvi."

Lakini tumeshinda, mdogo wangu. Meneja wa mgodi alikuja mwenyewe kwenye kamati, akasikiliza, akasema pampu atazizima siku ileile ya kufunga. Hakubisha hata kidogo. Ametutolea na fulana za mkutano wa Aprili, mgongoni zimeandikwa PAMPU ZIZIMWE. Makamu wangu, yule fundi baiskeli, machozi yalimtoka. Wewe maliza ripoti yako, tutie sahihi, tupumzike.

Dada yako,
Mwenyekiti


Kambini
12 Februari

Dada Mwenyekiti,

Nimecheka mpaka mpishi wa kambi akaja kuangalia kuna nini. Yale matone yalikuwa tindikali, na tuliyaweka sisi wenyewe. Madini yaliyoyeyuka kwenye maji yakikaa chupani hugandia ukutani mwa chupa, na tindikali huyazuia yasigande. Wewe umeimwaga, ukatia sabuni. Maabara wameniandikia kwamba kisima chako kinatoa povu, wakauliza kama jirani kuna kiwanda. Mkuu wangu ameisoma barua yako, na sasa kila asubuhi ananiuliza dobi anaendeleaje.

Shukuru hukuungua mikono. Chupa za Alhamisi hii nimezifunga utepe mwekundu. Maana ya utepe mwekundu ni hii: Dada, usioshe.

Kina nakihitaji kweli, sikuzungushi. Mto nimeupima mwenyewe. Juu ya mgodi ni safi. Chini ya bomba linalotoa maji ya pampu, mawe yamepata rangi ya kutu, lakini maji si mabaya sana, kwa sababu kampuni huyatia chokaa bwawani kabla ya kuyaachia. Nimeteremka pia hadi chini kabisa ya shimo, pale pampu zinapovuta. Maji ya pale ni makali kama siki, yanakula hata ndoo ya bati. Sasa nataka kujua yanatoka wapi na yanataka kwenda wapi. Hilo mtu hawezi kulionja, anapima kwa kamba.

Na Meneja, aliposema atazizima, alitoa sababu gani?

Kiduchu


Nyumbani
21 Februari

Kiduchu,

Sikuosha. Imeniuma, lakini sikuosha.

Na kamba nimeizungusha mtaa mzima kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Visima vya kule barabarani, mbali na mgodi, maji yako karibu, unaona uso wako. Kwangu, katikati, lazima uiname. Kwa Makamu, pale kwenye uzio wa mgodi, kamba ilikaribia kuisha ndipo jiwe likalia. Vipimo vyote viko nyuma ya karatasi hii. Ajabu ni kwamba kwa Makamu ndiko chini bondeni kuliko wengine wote wa upande ule, na nilidhani maji yangekusanyika kwake.

Meneja hakutoa sababu. Alitabasamu. Kwani mtu akikubali unamuuliza kwa nini?

Sasa niambie. Ni sumu gani iliyomo? Watu wananiuliza kila nikipita, nami nawaambia mdogo wangu ndiye anayepima, subirini. Nimekutia kwenye kila sentensi yangu. Na kuna maneno hapa kwamba umeonekana ukinywa chai na Meneja, mmeinamia ramani, mnacheka. Mimi sikuamini, lakini nimeulizwa.

Dada yako,
Mwenyekiti


Kambini
11 Machi

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Sampuli zenu zimefika maabara salama, na vipimo vya kamba vimenisaidia kuliko unavyofikiri.

Matokeo siwezi kukuambia kwa sasa. Yatatolewa kwa kampuni na kwa kamati siku moja. Chai na Meneja nilikunywa, nilikuwa naomba ramani ya pampu.

Naomba tu fulana zile msizigawe bado.

Kiduchu


Nyumbani
14 Machi

Kwa Mpimaji,

Umenyamaza wiki tatu, umetulia kama maji mtungini, ukafungua mdomo ukaniambia habari za fulana.

Nimekuelewa. Umekula chai yao. Mtoto niliyemfundisha kusema kweli hata ikimchoma, leo hawezi kuniambia kilichomo kwenye kisima ninachonywea. Fulana zitagawiwa. Nimezipiga pasi mwenyewe, moja moja.

Chupa za Alhamisi nimezijaza, kwa sababu kazi ni kazi.

Mwenyekiti wa Kamati ya Maji


Kambini
27 Machi

Dada,

Ripoti imetoka leo asubuhi. Sasa mdomo wangu umefunguliwa, na nitasema moja kwa moja kwa sababu ndivyo ulivyonilea.

Kisima chako hakina sumu. Cha Makamu hakina, wala cha mtu yeyote bondeni. Vimekosa maji tu, na mwizi ni pampu, hapo ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Lakini tazama kamba zako mwenyewe. Kadiri unavyokaribia uzio, ndivyo maji yalivyo chini zaidi. Huko ardhini maji yanateremka kuelekea shimoni, kutoka kwenu kwenda kwao. Pampu zinavuta yenu, na kwa kuvuta huko zinayafungia yale makali yasitoke. Zikizimwa, shimo litaanza kujaa. Visima vitapanda, mtafurahi, utafua mashuka na makoti siku moja. Halafu maji ya shimo yakipanda juu kuliko ya visima, yatafuata mteremko wake wa zamani, ule wa kabla ya mgodi, kutoka kilimani kuja bondeni. Safari hii yatakuja na ile siki. Inaweza kuchukua miaka, lakini yatafika.

Meneja anajua hayo? Moyo wake siujui. Ninachojua ni kwamba kuendesha pampu na kumwaga chokaa kwenye mgodi usiozalisha tena ni mzigo, na kampuni ingependa kuutua. Ninyi mkaenda mkawaomba wautue. Ndiyo maana hakubisha.

Usiniamini kwa maneno. Chukua beseni lako kubwa, lijaze mchanga, umwagie maji mpaka ukichimba yaonekane. Inua upande mmoja kwa tofali. Katikati chimba shimo, huo ndio mgodi. Upande wa chini toboa kishimo kwa kidole, hicho ndicho kisima chako. Kwenye lile shimo la katikati tia bluu yako ya kufulia. Mtu mmoja ateke maji ya shimo kwa kikombe bila kupumzika, mwingine anyunyize maji upande wa juu, hiyo mvua. Tazama kishimo chako. Kisha acheni kuteka.

Ripoti inasema pampu zisizimwe mpaka maji ya shimo yatibiwe. Nilikunyima neno hili wiki zile kwa sababu ningekuambia wewe peke yako, kampuni ingesema ripoti imepikwa jikoni kwa dada yangu, na ingetupwa. Niliona umeandika "Kwa Mpimaji". Nililia, kisha nikaenda kupima.

Mdogo wako bado,
Kiduchu


Nyumbani
30 Machi

Kiduchu,

Nimefanya. Shemeji yako aliteka, mimi nikanyunyiza. Maadamu aliteka, kishimo changu kilibaki na maji meupe. Mkono ulipomchoka tukakaa kwenye vigoda, tukatazama. Bluu ilikuja polepole mchangani, ikaingia kwenye kishimo nilichotoboa kwa kidole changu. Nikamwaga yote, nikaanza upya nikitumaini tumekosea. Ikaja tena.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Miaka yote nimesimama mbele ya watu kusema zizimwe. Sasa nisimame niseme ziendelee? Mume anaendesha pampu, mdogo anaandika ripoti, mke anadai ziwake. Ningekuwa upande wa pili, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba nyumba ile imenunuliwa. Fulana ziko hapa mezani zimekunjwa. Nimewaita watu wote waje mkutanoni.

Neno lile la chai nimelifuta. Nimelifuta kwa sabuni na maji ya moto.

Dada yako


Kambini
2 Aprili

Dada,

Acha nije nisimame mimi. Ripoti ni yangu. Nitaisoma, watanizomea mimi, na jioni nitapanda gari niondoke. Wewe kaa kiti cha mbele tu, ukunje uso kama kawaida yako. Huna haja ya kubeba hili.

Mkuu wangu ameruhusu. Amesema pia, nanukuu, "Mwambie dobi nampa pole." Nipe jibu kwa dereva huyuhuyu, atasubiri.

Kiduchu


(nyuma ya karatasi ileile)

Usije. Wewe utaondoka, mimi ndiye nitakayeyanywa.


Nyumbani
13 Aprili

Kiduchu,

Nakuandikia mkono bado una bluu.

Nilivaa fulana. Nilitaka waone kwamba ni mimi yuleyule. Kisha nikaweka beseni juu ya meza ya wakubwa, mbele ya Meneja, mchanga ukamrukia kidogo kwenye suruali. Nikasema sitahutubu, nataka mtu mwenye mkono wenye nguvu. Makamu akaja mbio, unamjua alivyo, hawezi kusikia neno nguvu akakaa. Nikampa kikombe, nikamwambia: wewe ni pampu, teka. Akateka huku watu wakimpigia makofi. Nikauliza, kisima kina rangi gani? Wakasema cheupe. Nikasema, sasa fanyeni kilichoandikwa mgongoni kwangu. Zimeni pampu.

Makamu akaacha. Watu waliinuka kwenye viti wakazunguka meza. Mama mmoja wa kule barabarani akanong'ona, "Ile inakuja." Wote wakaiona.

Ndipo nikawaambia tunachotakiwa kudai. Pampu ziendelee, chokaa iendelee, na kwa kuwa visima vitabaki chini, maji yaliyosafishwa yaletwe kwa bomba kwenye kila mtaa kabla hayajamwagwa mtoni, na mtu wa mamlaka ayapime, si wa kampuni. Hiyo ya bomba haikuwa kwenye ripoti yako. Hiyo ni yangu. Meneja akasimama, tabasamu limemkauka, akasema kampuni ilishakubali kuzima kwa kuheshimu wananchi. Nikamwambia wananchi wamebadili mawazo, na yeye anajulikana kwa usikivu.

Makamu akauliza nililokuwa nalingoja. Si mbaya yule, aliumia. "Mwenyekiti, pampu zikiendelea mumeo anabaki na kazi?" Nikajibu ndiyo. Nikasema, mume wangu atabaki na kazi, na maji yenu yatabaki bila sumu. Yote mawili ni kweli. Likiwauma la kwanza, nitoeni mimi, lakini msiliangushe la pili.

Wakapiga kura. Dai likapita, mikono mingi. Kisha mikono ileile ikanyooshwa tena, na mimi nikatolewa kwenye kiti. Makamu ndiye mwenyekiti sasa.

Imeniuma, sitakuficha. Nilirudi nyumbani kwa mguu, nimevaa fulana inayosema kinyume cha nilichotoka kusema. Shemeji yako hakusema pole. Alinipitishia chumvi, akaniita Mwenyekiti kama siku zote, nikalia kidogo kisha nikala. Baadaye Makamu alikuja kunirudishia beseni. Ameliosha mwenyewe. Hakuliosha vizuri.

Dada yako,
Dobi


Kambini
6 Mei

Dada,

Mamlaka imekubali. Madai yenu yote manne yameandikwa kuwa masharti ya kufunga mgodi, na lile la bomba limeingia neno kwa neno kama ulivyolisema. Mkuu wangu alilisoma kwa sauti ofisini.

Faili limefungwa. Kuanzia leo unaweza kunipigia simu, na Jumamosi nakuja kulala kwenye kitanda chenye kelele. Chupa tutaendelea kuzichukua, mwaka hadi mwaka, kwa hiyo dereva utamwona sana.

Kiduchu


Nyumbani
19 Juni

Kiduchu,

Simu najua ninayo. Ila kuna jambo nataka uwe nalo kwa maandishi, uliweke kwenye faili hata kama limefungwa.

Leo mchana nilikuwa napiga pasi makoti ya zahanati. Ghafla nikahisi kuna kitu kimekosekana. Nikadhani nimeziba masikio. Nikatazama kabatini, vikombe vimetulia, havitetemeki. Kimya, mdogo wangu. Kimya kile nilichokiomba miaka yote.

Nilitoka mbio, pasi ya mkaa bado iko mkononi, nikapita kwa Makamu, naye akanifuata bila kuuliza, kisha majirani wengine. Walinzi wa lango wananifahamu. Walipotuona wakafunga geti, mmoja akasema, "Mama, leo tena umekuja kutaka zizimwe?"

Nikamwambia nimekuja ziwashwe, na siondoki hapa.

Ulikuwa ni umeme tu uliokatika. Shemeji yako alitoka chumba cha mitambo, mikono imejaa grisi, kwenda kuwasha jenereta, akatukuta kwenye geti, mimi mbele na pasi yangu. Alinitazama, akasema, "Dakika moja, Mwenyekiti." Tukasimama pale pale tukisubiri mpaka ngurumo ikaanza tena chini ya miguu yetu. Makamu akavua kofia, akajifuta uso. Nami nikarudi kumalizia makoti.

Chupa ya Alhamisi imo. Haijaoshwa.

Dada yako,
Dobi